Mtoto Arudi Darasani: Kazi ya Mwuguzi katika Shule

(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na watu wa mitaa katika siku za Yubile)



Siku hizi za Yubile tumesikia mengi juu ya mambo yaliyojengwa: kuta, mabati, kengele, madawati na vitabu. Ni haki yasimuliwe, maana waliotutangulia waliyatolea jasho lao. Lakini sisi tulioombwa kusema juu ya shule za watoto wadogo twapenda kusema habari ya kazi isiyo na jengo kubwa, na mara nyingi isiyo hata na chumba chake. Nayo ni kazi ya mwuguzi katika shule ya msingi.

Pengine mtu atasema, Mwuguzi mahali pake ni hospitali, na mwalimu mahali pake ni darasa. Kwa nini kuwachanganya? Twamjibu hivi: mtoto hawezi kuuacha mwili wake mlangoni kama aachavyo fimbo ya kuchungia mbuzi. Huingia nao. Kichwa kikiwa na choa, huingia nacho. Tumbo likiwa na minyoo, huingia nayo. Na sikio litokalo usaha ndilo sikio atakalosikilizia hesabu. Mwalimu asiyeutazama mwili wa mtoto hufundisha nusu ya mtoto, kisha hushangaa kuona amejifunza nusu ya somo.

Basi liko neno moja ambalo twataka mlishike hata mkiyasahau mengine yote. Kumtoa mtoto mgonjwa darasani ni kazi ambayo mtu yeyote aweza kuifanya. Yatosha kunyosha kidole na kuonyesha mlango. Kazi ya mwuguzi wa shule ni kumrudisha.

Kwanza tutazame kazi hii ilivyoanza. Huko London, Uingereza, mwaka 1892, mwuguzi mmoja jina lake Amy Hughes alianza kuitembelea shule ya watoto maskini katika mtaa wa Drury Lane, akiwaosha na kuwafunga vidonda papo hapo shuleni. Mwaka 1898 watu wa mji ule wakaanzisha chama cha kupeleka wauguzi mashuleni. Lakini habari inayotufundisha zaidi ni ile ya mji wa New York, Marekani.

Mji ule wakati huo ulikuwa umejaa watu waliohamia kutoka nchi nyingi za Ulaya, maskini, wakikaa wengi katika vyumba vichache. Mwaka 1897 wakubwa wa afya waliweka madaktari wa kuwakagua watoto wa shule. Daktari akiona choa, upele, chawa, au ule ugonjwa wa macho uitwao trakoma, alimtoa mtoto na kumpeleka nyumbani, asije akawaambukiza wenzake. Nia ilikuwa njema. Lakini tazameni yaliyofuata. Mtoto alirudi na karatasi, na akina mama wengi hawakujua kusoma Kiingereza. Hata aliyejua kusoma hakuonyeshwa dawa wala namna ya kuitumia. Karatasi ikapotea, na mtoto akabaki barabarani. Saa ya kufunga shule wenzake wakatoka, wakacheza naye; wale aliotengwa nao asubuhi akashikana nao mikono jioni. Hivyo ugonjwa uliendelea kutembea, na kusoma ndiko kulikosimama.

Alikuwako Bibi Lillian Wald, mwuguzi aliyeanzisha mwaka 1893 kazi ya kuwauguza maskini wa mji ule majumbani mwao. Kazi hiyo baadaye ikajulikana kwa jina la mtaa wa Henry Street. Yeye ameeleza habari za mvulana aitwaye Louis. Mvulana huyu alikuwa na umri wa miaka 12, wala hajui kusoma, kwa kuwa kila alipokwenda shule alirudishwa kwa ajili ya vidonda vya kichwani. Mama yake hakuwa mzembe. Alikuwa amekwisha kumpeleka kutafuta dawa, asifanikiwe. Bibi Wald akatafuta marhamu ifaayo, akamwelekeza mama namna ya kuitumia. Kichwa kikapona, mvulana akaingia shule. Fikirini, ndugu zetu. Mtoto huyo hakukosa akili, wala mama hakukosa upendo, wala mji haukukosa madaktari na walimu. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama katikati yao, akiwaunganisha.

Mwaka 1902 Bibi Wald akawaendea wakubwa wa mji, akawaambia atawapa mwuguzi mmoja kwa mwezi mmoja, ili waone wenyewe. Mwuguzi huyo alikuwa Bibi Lina Rogers, mtu wa Kanada, aliyejifunza kazi yake katika hospitali ya watoto ya Toronto. Mwezi wa Oktoba akakabidhiwa shule 4. Desturi yake ilikuwa hii: alizunguka shule zake, akawaosha na kuwapaka dawa watoto wenye magonjwa madogo, akawarudisha darasani, waliozidi nguvu zake akawapeleka kwa madaktari. Kisha akaenda majumbani kwa wale waliotolewa, akaketi na mama, akamwonyesha kwa mikono yake mwenyewe kile ambacho karatasi ilishindwa kumwambia.

Mwezi ulipokwisha, wakubwa wa mji hawakutaka kazi ile ikome, wakaajiri wauguzi wengine. Matokeo yake yameandikwa. Mwezi wa Septemba 1902 watoto waliotolewa katika shule za mji ule walikuwa 10,567. Mwezi wa Septemba 1903 walikuwa 1,101. Choa kilikuwa choa kile kile, na chawa ni wale wale. Tofauti ni kwamba sasa yuko mtu wa kuosha, na kupaka, na kwenda nyumbani.

Hapa twaweka onyo. Katika siku zile walitibu chawa kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta matamu. Mtu asiseme, Tumesikia katika hotuba, akayamwaga mafuta ya taa juu ya kichwa cha mtoto. Mafuta hayo huwaka moto, huunguza ngozi, na mtoto akiyameza au kuyavuta pumzini huumia vibaya. Leo ziko dawa zilizo bora na salama, ulizeni zahanati. Kwa wazee wetu hao twajifunza moyo wa kazi, si dawa zao.

Sasa tugeuke tutazame nchi zetu za Afrika Mashariki. Shule nyingi za kwetu hazina mwuguzi wake mwenyewe. Yuko mwuguzi wa zahanati ajaye siku moja moja, na yuko mwalimu aliyechaguliwa kuangalia afya. Lakini kishawishi cha kunyosha kidole na kuonyesha mlango tunacho kama walivyokuwa nacho wa New York. Twatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni funza. Wengi hudhani mdudu huyu ni wa nchi hizi tangu kale. Sivyo. Asili yake ni Amerika; mwaka 1872 alifika pwani ya Angola kwa merikebu iliyotoka Brazil, akasafiri katika nyayo za wapita njia, hata karibu na mwisho wa karne ile alikuwa amefika pwani yetu ya mashariki. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa visigino, huchelewa, huchekwa, kisha haji tena. Mwalimu humwambia, Nenda ukatolewe funza, ndipo uje. Naye huenda katika nyumba yenye sakafu ya vumbi, analala karibu na mbuzi, na pini moja hutumiwa kwa miguu ya watoto watano. Mwuguzi ajuaye kazi yake huiosha miguu hiyo, huitia dawa, huonya juu ya pini ya kushirikiana, maana damu ya mmoja huchukuliwa kwa mwingine, na huuliza kama mtoto amechanjwa pepopunda. Kisha huenda nyumbani kuitazama sakafu. Mguu uliotibiwa ukirudishwa katika vumbi lile lile, kazi imefanyika bure.

Wa pili ni minyoo na kichocho. Adui hawa hawaonekani kama funza. Mtoto hachechemei; huketi kimya, amechoka, midomo imepauka, naye mwalimu humwita mvivu. Kumbe safura imemnyonya damu. Mwaka 1998 ulianza uchunguzi katika shule 75 za Busia, Kenya, zenye watoto zaidi ya 30,000, wakipewa dawa ya minyoo shuleni. Mabwana Edward Miguel na Michael Kremer waliandika mwaka 2004 kwamba kukosa shule kulipungua kwa robo. Wataalamu wengine baadaye walizipima upya hesabu hizo, wakabishana juu ya ukubwa wa faida. Hata hivyo ni jambo lililo wazi kwamba minyoo mingi humdhoofisha mtoto, na kwamba dawa yake ni rahisi. Siku hizi walimu wengi wamefundishwa kuitoa wenyewe. Kwa dawa ya kichocho husimamisha fimbo yenye alama, mtoto akasimama kando yake, na kimo chake ndicho kinachoonyesha idadi ya vidonge. Mtoto apewe kwanza chakula, maana akimeza juu ya njaa huenda akatapika na kizunguzungu kikamshika; mama akiona hivyo, mwaka wa pili atamficha mtoto siku ya dawa. Hapa ndipo neno la mwuguzi lina kazi kuliko vidonge. Akina mama wakiambiwa mapema kwamba tumbo laweza kuuma kidogo kisha likatulia, hawatashtuka. Wasipoambiwa, uvumi utafika nyumbani kabla ya watoto.

Wa tatu, nao ni mzito kupita yote, ni kifafa. Mahali pengi watu huamini kwamba mate ya mtu aliyeanguka kifafa huambukiza, nao humkimbia hata akianguka motoni. Daktari mmoja wa kike, Louise Jilek-Aall, mtu wa asili ya Norwe, alifika Mahenge katika Tanganyika ya wakati huo, karibu na mwaka 1960, akawakuta watu wa kifafa wametengwa hivyo, wengine wana makovu makubwa ya moto, kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Akaanzisha huko kliniki ya kuwapa dawa, na wengi wakapata nafuu. Mate hayaambukizi kifafa. Twalirudia neno hili ili mlichukue majumbani: mate hayaambukizi kifafa. Mtoto wa namna hii, akipata dawa zake kila siku bila kukatiza, mara nyingi aweza kuketi darasani kama wenzake.

Basi akianguka darasani, mwalimu afanye nini? Aondoe madawati na vitu vigumu karibu yake. Aweke nguo laini chini ya kichwa. Asimkandamize, wala asimtie kijiko, kijiti wala kidole kinywani, maana hawezi kuumeza ulimi wake, bali meno yaweza kuvunjika. Asimpe maji. Mtikisiko ukipungua, amlaze ubavu, mate yatoke. Atazame saa, ukipita dakika 5 bila kukoma, au ukirudia kabla fahamu hazijamrudia, apelekwe hospitali upesi. Na wakati huo wote mwalimu awe na uso mtulivu, kwa kuwa watoto 40 wanamtazama yeye kuliko wanavyomtazama aliyeanguka. Wakimwona amepiga magoti karibu naye bila hofu, siku hiyo wamejifunza jambo ambalo hapana kitabu kingaliweza kuwafundisha. Wakimwona amekimbia, watakimbia maisha yao yote.

Iko kazi nyingine ya mwuguzi isiyo na kelele, nayo ni kuwatafuta watoto wasiolalamika. Mtoto aliyezaliwa na macho mafupi hajui kwamba wenzake huona zaidi. Hudhani ubao ni ukungu kwa watu wote. Mwaka 1862 Daktari Herman Snellen wa Uholanzi alitengeneza kibao cha herufi kubwa na ndogo cha kupimia macho, nacho hutumika hata leo. Mtoto husimama mita 6, hufunikwa jicho moja, kisha la pili. Asiyejua kusoma hutumia kibao chenye alama moja iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono upande ilikoelekea. Ni kazi ya dakika chache, nayo yaweza kuokoa miaka. Vivyo hivyo na masikio: mtoto asiyeitika jina lake akiitwa kutoka nyuma, apelekwe akatazamwe kabla hajaitwa mkaidi. Kama haiwezekani kumpatia miwani au dawa upesi, basi aketi dawati la mbele. Hilo halina gharama.

Tena tuseme, kwa heshima, juu ya wasichana wakubwa wa darasa la tano, la sita na la saba. Katika siku zao za kila mwezi wengi hubaki nyumbani, kwa kukosa kitambaa, maji, au choo chenye mlango. Baba mmoja mmoja hunung'unika kwamba mambo haya hayasemwi. Twamwambia, Binti yako akikosa siku 3 kila mwezi, hesabu mwenyewe amekosa siku ngapi kwa mwaka. Kisha uamue lipi ni aibu kubwa, kuyasema au kuyanyamazia. Mwuguzi wa kike, au mwalimu wa kike aliyefundishwa, ndiye afaaye kwa kazi hii. Naye apewe sabuni, vitambaa safi, na ufunguo wa chumba.

Hayo yote yasimama juu ya nguzo moja, nayo ni siri. Mwuguzi aonaye chawa katika kichwa cha mtoto na kupaza sauti mbele ya darasa amemponya kichwa na kumjeruhi moyo. Mtoto huyo kesho hatakuja. Afaaye huwakagua wote kwa zamu, mahali pa faragha, hata asijulikane nani amekutwa na nini. Akitoa dawa huiweka mfukoni mwa mtoto bila maneno mengi. Akienda nyumbani huenda kama mgeni. Hupiga hodi, huketi anapoonyeshwa, husifu kile kilicho kizuri, ndipo aseme la ugonjwa. Wahenga walisema, Mficha maradhi kilio kitamfichua. Ni kweli; lakini mara nyingi mtu huficha maradhi kwa sababu aliwahi kuaibishwa alipoyaonyesha.

Walimu wenzetu, twajua mtakalosema. Tuna darasa la watoto wengi, na chaki ni chache. Mwataka tuwe na wauguzi pia? La, hatutaki mfanye kazi ya daktari. Mwalimu asitoe dawa kwa kubahatisha. Mtoto mwenye homa asipewe kidonge kilichobaki kwa jirani; apelekwe akapimwe damu, maana malaria yaweza kumwua mtoto mdogo kwa muda mfupi, na si kila homa ni malaria. Tena yako magonjwa ambayo lazima mtoto akae nyumbani, kama surua na tetekuwanga, mpaka muda wake upite. Wenzake wana haki ya kulindwa, na hatuipunguzi haki hiyo.

Lakini tunawaomba mambo manne, ambayo kila shule yaweza kuyafanya. La kwanza, pawe na maji na sabuni karibu na choo. Magonjwa mengi huzuiwa hapo kabla mwuguzi hajaitwa. La pili, pawe na kisanduku chenye vitambaa safi na vitu vya kufungia vidonda, na mtu mmoja awajibike nacho. La tatu, mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa ugonjwa bila mtu mzima kupelekewa habari kwa kinywa, naye aambiwe mambo matatu: ugonjwa ni nini, dawa yapatikana wapi, na mtoto arudi siku gani. Siku hiyo iandikwe. Ikifika naye hajaja, mtu aende kumwulizia. La nne, daftari la mahudhurio lisomwe kila Ijumaa. Wengi hulitunza kwa ajili ya mkaguzi. Lakini lina habari za wagonjwa kabla zahanati haijazipata. Alama za kukosa zikifuatana mbele ya jina moja, hiyo ni sauti ya mtoto anayeita.

Na ninyi wazee wa mitaa na akina mama, kazi yenu ni kumpokea mwuguzi ajapo. Asionekane kama mpelelezi aliyetumwa kuhesabu uchafu wa nyumba. Akisema sakafu imwagiwe maji na kufagiwa, asijibiwe kwa kiburi. Mtaa unaoweza kuchanga kwa ajili ya bati waweza kuchanga kwa ajili ya sabuni. Na mtaa unaoweza kumwomba mkubwa wa wilaya mwalimu mwingine waweza kumwomba pia mwuguzi wa kuzizunguka shule 3 au 4 kwa zamu. Mmesikia kwamba Bibi Rogers naye alianza na shule 4, peke yake.

Haya ndiyo maneno yetu.  Sherehe zitakwisha, na Jumatatu asubuhi daftari litafunguliwa, majina yataitwa. Jina lisiloitikiwa, msipite upesi kwenda kwa lifuatalo. Ulizeni aliko.